Aliyerudi Apewe Jembe

Lugha yetu ina neno ambalo wengi hulijua kwa kulisoma katika kamusi, lakini sisi wa Ugogo tumelijua kwa miguu. Neno hilo ni kuhemea. Kuhemea ni kuondoka nyumbani wakati wa njaa kwenda mbali kutafuta chakula, ama kwa kununua, ama kwa kubadilishana mifugo, ama kwa kuuza nguvu za mikono, kisha kurudi nacho. Nchi ya Bahi, iliyoko magharibi ya mji wa Dodoma katika njia ya reli ya kati, haipati mvua nyingi. Hizo chache huja kati ya Desemba na Aprili, na zikikatika kwa majuma machache tu katika Februari, uwele na mtama hukauka kabla ya kubeba. Kwa sababu hiyo wazee wetu walizoea kuswaga ng'ombe na mbuzi hadi kwa majirani waliojaliwa mvua, wakarudi na nafaka vichwani. Katika njaa ile kuu iitwayo Mtunya, iliyotokea baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo katika vita vya 1914–1918, wako waliokwenda wasirudi. Waliorudi walipokewa kwa swali moja: umekuja na nini?

Swali hilo lilikuwa halali, maana watoto walikuwa wakilia. Ubaya ni kwamba tumelibeba hadi leo na kumwuliza mtu ambaye hakwenda kuhemea. Tunasema juu ya wale ndugu zetu, wengi wao vijana, waliokwenda nchi za nje kujitolea: walimu, wauguzi, mafundi, mabwana na mabibi shamba, walioingia katika mpango wa Wafanyakazi wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa kwa azimio la Baraza Kuu mwaka 1970, au katika mipango mingine ya namna hiyo. Mtu huyo hukaa ugenini miaka miwili, mitatu, pengine mitano. Hapewi mshahara bali posho ya kujikimu. Hufanya kazi katika makambi ya wakimbizi, katika zahanati, katika shule ambazo wenyeji wenye kisomo wamezikimbia. Muda wake ukiisha hufunga mzigo wake mdogo na kurudi. Hapo ndipo mashaka yake yanapoanza.

Wako watu, tena wenye elimu, wasemao kwamba kijana huyo amepoteza miaka yake. Huhesabu kwa vidole: wenzake waliobaki wamenunua viwanja Dodoma tangu Serikali ilipohamia huko, wamejenga, wameezeka bati, wameoa, yeye amerudi na begi na picha. Akienda kuomba kazi huambiwa kwamba miaka yake ya ugenini si ajira, kwa kuwa hakuwa na mshahara. Hivyo basi hana uzoefu. Ati aliyewazalisha wanawake mia katika hema la wakimbizi hana uzoefu, bali aliyekaa miaka mitatu katika kiti cha ofisi akihamisha majalada kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia, huyo anao! Sisi twasema kwamba hesabu hii ni ya duka, wala haiwezi kutumika kupimia watu.

Tena hoja hiyo imejificha ndani yake kasumba ya zamani, ambayo yafaa tuitoe nje ili ionekane. Kasumba hiyo yasema kwamba kujitolea katika nchi ya watu wengine ni kazi ya Wazungu. Haikutoka hewani. Uingereza ilianza kupeleka vijana wake wa kujitolea ng'ambo mwaka 1958. Marekani iliunda Peace Corps mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kuwapokea. Walioletwa mwanzo walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Japani ilifuata mwaka 1965. Hao wa Marekani waliondoka nchini mwaka 1969, wakarudi 1979, na mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, waliitwa kwao wote kwa siku chache, kutoka kila nchi duniani walikokuwamo. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 60 mtoto wa kijiji amemwona mtu wa kujitolea kuwa ni mgeni mweupe mwenye baiskeli na daftari, anayejifunza kusema shikamoo. Mtoto huyo akiambiwa kwamba binti wa jirani yake amekwenda kujitolea nchi za nje, hushangaa kana kwamba ameambiwa kwamba mgonjwa amekwenda kumtibu daktari.

Hapa pana jambo linalotuuma sisi wa Bahi kuliko linavyowauma wengine. Katika miji ya pwani jina la Mgogo limefanywa mzaha. Husemwa kwamba Mgogo ni mtu wa kunyoosha mkono barabarani. Hatukatai kwamba wako ndugu zetu waliopelekwa na njaa hadi katika barabara hizo. Lakini wenye mzaha huo hawakuona safari yote. Waliona mkono ulionyooshwa, hawakuona shamba lililokauka nyuma yake, wala hawakujua kwamba kwetu anayekwenda mbali wakati wa shida ana wajibu wa kurudi na mzigo. Basi anapotokea mwana wa nchi hiyo hiyo ya ukame akavuka mipaka si kwa kuomba bali kwa kutoa, amefuta kashfa ya miaka mingi. Na sisi, badala ya kumpokea kwa vigelegele, twamwuliza kama ameleta simu za kugawa. Hakika tunasaidiana na wanaotudhihaki.

Wala kujitolea si desturi ya kuazima. Kabla ya kuwako fomu za kujaza, mwenye shamba kubwa huko Ugogo aliwaita majirani, wakalima pamoja, wakanywa pombe ya mtama pamoja, na kesho yake zamu ikawa ya mwingine. Baada ya Uhuru desturi hiyo ilipanuliwa ikawa kazi za kujenga taifa: barabara, visima na shule zilichimbwa na kujengwa bila malipo, na Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Kipya ni kimoja tu, yaani mpaka. Jirani amekuwa mbali zaidi.

Hebu tuwatazame hao waliotupelekea wageni, maana katika jambo hili wametuzidi, na si aibu kujifunza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1961 iliyounda Peace Corps haikutaja kazi ya huko nje peke yake. Ilitaja makusudi matatu, na la tatu ni kuwafanya Wamarekani wenyewe wawaelewe watu wa mataifa mengine. Maana yake ni kwamba anayerudi bado ana kazi: nusu ya utumishi wake iko nyumbani. Akirudi hupewa akiba ya fedha iliyowekwa kwa kila mwezi aliotumika, mahsusi kwa ajili ya kumwezesha kujizoeza tena maisha ya kwao. Mwaka 1963 ilitolewa amri ya Rais kwamba, kwa muda wa mwaka mmoja baada ya kurudi, aweze kuajiriwa serikalini bila kushindanishwa kwa utaratibu wa kawaida. Hatusemi kwamba Serikali yetu inazo fedha za kufanya hivyo kwa kila mtu. Twasema kwamba wenzetu wametambua kuwa kurudi kwa mtu ni shauri la taifa, wakaliandikia sheria, na sisi tumeliacha liwe shauri la mama yake.

Juu ya picha wanayokwenda nayo kwao tunayo maneno, ingawa si mahali pake kuyamaliza. Mara nyingi husimulia kwamba walikaa na watu maskini wenye furaha. Ama umaskini, wameuona. Ama furaha, labda walifika mwezi wa Julai, wakati wa mavuno, ngoma za muheme zikilia na akina mama wakicheza. Wangalikaa nasi Februari, mvua zimekatika na kihenge kikilia mwangwi, wangalisimulia mengine. Lakini angalau wao husimulia. Walimu waliofundisha hesabu kwetu wamekuwa kwao wazee wenye kukutana katika vyama vyao na kuzungumza Kiswahili. Je, mwenzetu aliyefundisha ugenini miaka minne ni nani aliyemkalisha chini ya mbuyu akamwambia, haya, tueleze watu wa huko wanaishije, wanalima nini, wanawazikaje wafu wao?

Wataalamu wa nchi za Magharibi wameandika sana juu ya uchungu wa kurudi. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alichunguza Wanorwe waliokwenda kusoma Marekani, akaona kwamba moyo wa mgeni huanza juu, ukashuka, kisha ukapanda tena. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza kwamba mteremko huo hurudiwa mtu anapofika kwao: hushuka tena, pengine kwa uchungu zaidi, kwa sababu ugenini alitazamia kupotea, bali nyumbani hakutazamia. Jambo hili ni kweli, na kila aliyerudi atalishuhudia. Twahitilafiana na wafuasi wa fikira hizo pale tu wanapoufanya uchungu huo kuwa ugonjwa wa mtu mmoja, kana kwamba ungeweza kutibiwa kwa kuzungumza na mganga chumbani. Mtu hawezi kurudi peke yake. Kurudi ni kazi ya watu wawili: anayeingia uani na anayefungua mlango. Mlango usipofunguliwa, aliye nje atajiona mgonjwa, lakini ugonjwa umo ndani ya nyumba.

Baada ya kusema hayo hatuna budi kuwageukia waliorudi wenyewe, maana nao wamo wenye makosa, tena makubwa. Wako wasioweza kumaliza sentensi moja bila kutaja kule walikotoka. Maji ya hapa ni mabaya, kule yalichujwa. Mikutano ya hapa haianzi kwa saa, kule ilianza. Mlenda, uliomkuza yeye na baba yake, sasa unamshinda kooni. Husalimiwa mbukwa na mzee aliyesimama kwa ajili yake juani, naye hujibu kwa kukatiza, ati ana haraka. Haraka ya kwenda wapi hapa Bahi, hatujui. Na wako wabaya kuliko hao, ambao wamejifunza ugenini lugha ya miradi, basi hurudi wakawatazama ndugu zao kama walengwa. Huyo hakujitolea. Alikwenda kujifunza ubwana kwa watu maskini kuliko sisi, akarudi kuufanyia mazoezi kwetu. Kijiji kikimnyamazia mtu wa namna hiyo kimefanya haki.

Lakini wachache hao wasifanywe kisingizio. Taifa hili limewahi kupokea watu waliorudi kwa wingi, na twapaswa kuukumbuka upokezi ule kwa sifa zake na kwa kasoro zake. Majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu liliongezwa kwa maelfu ya mgambo, wakulima walioacha jembe wakashika bunduki, wengine kwa kuitwa na wengine kwa hiari yao. Walivuka mpaka, wakapita Masaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wengine hawakurudi, wako waliozikwa Kaboya, mkoani Kagera. Waliorudi walishangiliwa, na ilikuwa haki yao. Baada ya shangwe je? Walirudi katika nchi iliyokuwa na upungufu wa sabuni, sukari na mafuta, wakarudi mashambani, nasi tukawaachia wajukuu wao kazi ya kuwasikiliza. Mkulima aliyeondoka kijijini bila kupata kuona ziwa, akatembea kwa miguu hadi nchi ya jirani, akakaa na watu wake, akaona wanavyopanda migomba na wanavyowalilia wafu wao, alikuwa na maktaba kifuani. Ni wangapi tuliowaandika? Wengi wao wamekwisha kufa, na maktaba zao zimezikwa nao.

Na hapa hapa mkoani kwetu, upande wa mashariki, iko Kongwa. Tangu 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji walikuwa na kambi huko, na baada yao wa Afrika Kusini, Namibia, Angola na Zimbabwe. Watu hao pia walijitolea, tena nafsi zao, wakakaa ugenini miaka ambayo hakuna mkataba ungaliithubutu kuitaja. Saa ya kurudi ilipofika walirudi, kila mmoja kwa zamu ya nchi yake. Chuo cha Mazimbu, Morogoro, kilichowasomesha watoto wa Afrika Kusini, kilikabidhiwa kwetu mwaka 1992. Wako waliozaa na dada zetu wa Kongwa, wakaenda zao, na watoto wakabaki. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kurudi ni furaha tupu. Kila kurudi kuna mahali panapoachwa. Kijana wetu naye, siku aliyoshuka garini Bahi, ameacha nyuma mtu anayemwita mwalimu, mwana au kaka, na hatamwona tena. Tunapomwona amekaa kimya penye nyumba ya mama yake tusiseme upesi kwamba anaringa. Huenda anaomboleza.

Jambo moja zaidi, kisha tuingie katika shauri lenyewe. Neno kujitolea limeanza kuharibika midomoni mwetu. Kijana aliyemaliza masomo ya ualimu asipate ajira hufundisha bila mshahara, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, akitumaini kukumbukwa, naye huitwa mwalimu wa kujitolea. Twaheshimu jasho lake. Lakini anayetoa kwa sababu hana njia nyingine hajitolei, anangoja. Tukizidi kuwaita watu hao kwa jina hilo, tutafika mahali ambapo neno lenyewe litakuwa na maana ya kukosa, na anayekwenda kujitolea kwa hiari yake ataonekana kuwa ni mtu aliyekosa kazi. Nadhani wale wanaosema kwamba kijana wetu amepoteza miaka wamekwisha kufika mahali hapo.

Sasa shauri letu. Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe, na Mwalimu Nyerere aliikumbuka methali hiyo mwaka 1962 katika maandishi yake juu ya Ujamaa. Sisi tumekuwa tukiitumia dhidi ya wavivu tu, kana kwamba jembe ni adhabu. Jembe ni heshima. Mgeni anayepewa jembe siku ya tatu ameambiwa kwamba si mgeni tena, amehesabiwa. Kosa letu kwa waliorudi ni kwamba tumewaacha katika siku ya pili mwaka mzima. Twawachinjia kuku, twawasifu, twaomba wapige picha nasi, halafu twawakwepa wanapotaka kusema kitu katika kikao. Wenyewe nao hungoja waitwe. Mwisho hupanda gari kwenda Dodoma, na kutoka Dodoma hupanda treni mpya kwenda Dar es Salaam, na huko husema kwamba kijiji kiliwashinda.

Jembe tunalolitaja si mfano wa maneno tu. Mtu akirudi Bahi katika Februari atakuta kaya tupu mchana, na wengi hukasirika, wakidhani wamedharauliwa. Hawakudharauliwa, watu wako shambani wakipalilia, kwa sababu nyasi hazingoji mgeni. Na achukue jembe awafuate. Katika palizi ya siku moja atasema na kusikia mengi kuliko katika sherehe ya kumpokea. Baada ya hapo zipo kazi za ufundi wake. Mto Bubu huteremka kuja kuishia katika mbuga yetu, na huko Bahi Sokoni wakulima hulima mpunga kwa maji ya mifereji. Penye mifereji pana ugomvi wa zamu na pana tope la kuzoa, basi aliyeona mahali pengine watu wanavyogawana maji machache ana neno la kusema, nasi tuna haki ya kulipima neno lake na kulikataa likiwa halifai. Muuguzi aliyezuia kipindupindu kambini ajue kwamba hata kwetu mvua zikija vyoo hubomoka. Mwalimu aliyefundisha watoto wa lugha ngeni asituambie kwamba hawezi kumfundisha mtoto wa Kigogo aliyeingia darasa la kwanza bila Kiswahili.

Kwa upande wa waajiri, twadai kwamba miaka ya kujitolea ihesabiwe kuwa miaka ya kazi, ikiwa na ushahidi wa waliomwona akiifanya. Hili halihitaji fedha, lahitaji kalamu.

Na kwa upande wa vijiji hakuna haja ya kuunda kamati mpya, maana tunazo nyingi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imekwisha kutupa mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukutanisha kila mkazi mtu mzima na hupaswa kufanyika walau mara moja kila miezi mitatu. Wa Oktoba ndio tunaoupendekeza. Mavuno yamekwisha kuingia, ngoma zimenyamaza, mashamba bado hayajatifuliwa, na watu wako nyumbani. Katika mkutano huo aliyerudi mwaka ule asimame mbele ya wazee na vijana, aulizwe maswali bila haya, ajibu, kwa Kigogo akipenda. Na kabla mkutano haujavunjika, mwenyekiti amtajie hadharani ni shamba gani, ni mfereji gani au ni darasa gani atakaloanza nalo mvua za Desemba zitakapofika.